Upepo wa bustanini haumpi mtoto nimonia

Huku Moshi, mzazi akitoka tu barazani na kichanga, atasikia: “Mrudishe ndani, atapata nimonia!” Nimonia huletwa na vijidudu, hasa virusi na bakteria, si upepo wa migombani. Kinachonitia hofu zaidi ni chumba kilichofungwa madirisha, moshi wa kuni ukiingia kutoka jikoni, na wageni wenye mafua wakipokezana kumbeba mtoto. Moshi huo huumiza mapafu machanga.

Basi mtoe, mama. Kaa naye chini ya mparachichi, kivulini, maana ngozi yake bado haihimili jua kali. Mguse shingoni: akitoka jasho, mpunguzie nguo, akiwa wa baridi, mwongezee. Julai, subiri ukungu upungue kwanza. Akipumua harakaharaka au akikataa kunyonya, wahi kituo cha afya.