"Nimezoea kelele": maana ya uziwi wa kiwandani

Jumapili moja tukiwa nyumbani kwa baba mdogo, Mabibo jijini Dar es Salaam, mjukuu wake alimnyooshea simu akamwambia, "Babu, shika." Mzee akageukia mlangoni. "Nani kafika?" Tukacheka, naye akacheka. Baba mdogo alifuma vitambaa kiwandani kwa zaidi ya miaka ishirini, na ukimuuliza habari za kelele za mashine zile anakujibu kama wanavyojibu wengi waliopitia huko: "Mwanzoni zilinisumbua. Baadaye nikazoea."

Hilo neno kuzoea lina shida. Mkono huzoea jembe kwa sababu ngozi huota sugu. Sikio haliwezi kuota sugu. Akili inaweza kujifunza kuipuuza kelele, hilo kweli, lakini kelele yenyewe inaendelea kuingia na kugonga palepale. Na wakati mwingine inayoitwa kuzoea ni kwamba sehemu ya kelele ile huisikii tena.

Uziwi wa kelele ni kupungua kwa usikivu kunakoletwa na kukaa kwenye sauti kubwa, siku baada ya siku, kwa miaka. Kwa kawaida hupata masikio yote mawili. Hauna maumivu, hauna usaha, hauna homa, kwa hiyo hakuna siku ambayo mtu anaamka na kusema leo naumwa. Neno "uziwi" lenyewe linapotosha kidogo, maana ukilitaja watu humfikiria asiyesikia kabisa. Huyu wetu anasikia honi ya daladala, anasikia adhana, anasikia ngoma ya harusi mtaa wa pili. Kinachompotea ni maneno.

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojikunja kama konokono, kinaitwa koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, na kazi yao ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kupeleka kwenye ubongo. Zimepangwa kwa mfuatano: zinazopokea sauti nyembamba ziko karibu na mlango, zinazopokea sauti nzito ziko ndani zaidi. Fikiria kiwanja cha mpira cha mtaani. Nyasi hufa kwanza mbele ya goli, kwa sababu hapo ndipo vurugu zote zinapokutana. Kwenye koklea, upara huo huanza kwenye sauti nyembamba, hasa kuzunguka hezi 4,000 (yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde), kwa kuwa hata tundu la sikio lenyewe huzikuza sauti za eneo hilo kabla hazijafika ndani. Mfano wangu unaishia hapo, kwa sababu nyasi zikipata mvua huota tena. Seli hizi kwa binadamu zikifa hazioti.

Sasa rudi kwa babu na simu yake. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni sauti zenye nguvu, na nguvu yao kubwa iko chini ya eneo lililoharibika. Konsonanti kama s, f, sh, th na ch ni pumzi tu, nyembamba na dhaifu, na ziko juu kulekule kwenye upara. Kwa hiyo "shika" na "fika" kwake ni neno moja. Seremala wa Keko aliyekaa na randa ya umeme miaka kumi anaweza kuulizwa thamani ya kitanda akadhani anaulizwa habari za samani. Nadhani Kiswahili kinamficha mgonjwa kuliko lugha nyingine, kwa sababu karibu kila silabi yetu inabeba irabu: mdundo wa sentensi unabaki mzima, mtu anadaka nusu ya maneno na kubahatisha mengine, na anabahatisha vizuri hadi siku moja akose. Malalamiko yake ni yaleyale nyumba zote: "Nawasikia mnaongea, ila mnanong'ona." Sauti za watoto na za wanawake, kwa kuwa ni nyembamba, ndizo zinazoanza kumponyoka, na ugomvi mwingi wa ndani kuhusu sauti ya televisheni unaanzia hapo.

Kelele kubwa ni ipi? Hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ukiwa na mashine moja ya desibeli 90 ukaiwekea pacha wake kando, hupati 180. Unapata 93. Maana yake kila desibeli 3 zinazoongezeka, nguvu inayoingia sikioni imekuwa maradufu. Ndiyo sababu wataalamu wa afya kazini huitazama kelele pamoja na saa. Kwa hesabu inayotumika sana, desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 za kazi. Zikiwa 88, saa 4. Zikifika 94, saa moja. Zikifika 100, na grenda inayokata chuma haishindwi kufika hapo, una dakika 15 kwa siku nzima.

Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma Tanzania, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta karibu nusu yao, asilimia 48, wana upungufu wa usikivu. Walilinganishwa na walimu wa shule za msingi, ambao walikuwa asilimia 31 (nao, kwa madarasa yetu yalivyojaa, si watu wa kukaa kimya). Wastani wa kelele viwandani humo ulikuwa desibeli 92. Piga hesabu: kwa desibeli 92 mgao wa siku ni kama dakika 95. Aliyewasha mashine saa 2 asubuhi ameumaliza kabla chai ya saa nne haijamiminwa, na zamu bado mbichi.

Na si viwanda vyenye geti tu. Nenda mtaa wa Gerezani wanakofua mabati, au simama dakika kumi kwenye mashine za kukoboa Tandale. Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba wafua shaba wa Venice walikuwa wakipoteza usikivu kwa ajili ya nyundo zao. Nyundo ni ileile.

Hakuna kipimo mfukoni? Simama mbali na mwenzako kwa urefu wa mkono. Ikibidi upaze sauti ndipo akusikie, chukulia kwamba mmevuka 85. Dalili nyingine ni za baada ya kazi: masikio yamekuwa kama yameziba, au yanalia nyiiii ukishalala na taa imezimwa. Asubuhi hali imetulia, na wengi huona yamekwisha. Hilo lilikuwa onyo. Likijirudia kila wiki, siku moja halitulii.

Kinga inayofaa zaidi huanza kwenye mashine. Beringi iliyokauka inapiga kelele kuliko iliyopakwa grisi. Bati lililolegea likikazwa linanyamaza. Kompresa inaweza kuhamishiwa nje ya ukuta, na mpira chini ya mota unapunguza mtikisiko. Wenye viwanda hukimbilia vizibo vya masikio kwa sababu ni rahisi, kisha vinagawiwa bila kuonyeshwa namna ya kuvivaa. Kile cha sponji hukisokota kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma, unakiingiza, unakishikilia nusu dakika kivimbe. Kinachoning'inia nje kama bua la kalamu hakifanyi kitu. Pamba nayo haizuii kitu cha maana, na hedifoni za muziki ni kelele juu ya kelele. Halafu ukikivua nusu ya zamu, hata kiwe cha kuzuia desibeli 30, ulichopata kwa siku nzima ni desibeli 3 tu, kwa sababu nusu nzima ya kelele imekwishaingia.

Dawa ya kurudisha seli zilizokufa haijapatikana. Kifaa cha kusaidia kusikia huongeza sauti, lakini kuongeza sauti si sawa na kuisafisha. Kwa hiyo karatasi ya kipimo cha mapema ina thamani kubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri bila kukata mshahara wako, kwa ajili ya ajali na maradhi ya kazini. Lakini ukidai leo kwamba kazi imekuharibu masikio, swali la kwanza ni masikio yako yalikuwaje ulipoanza. Pimwa ukiingia kazini, na uende ukiwa umetoka kupumzika, si umetoka zamu, maana sikio lililochoka hutoa majibu mabaya kuliko hali yake. Omba nakala. Iweke nyumbani, siyo kabatini kwa ofisa utumishi.

Baba mdogo hana karatasi hiyo. Alichonacho ni ujuzi wa wafumaji wa zamani, ambao kwenye kelele zile walikuwa wakisomana midomo kutoka mashine hadi mashine. Siku hizi hapokei simu ya kawaida. Ukimpigia anakata, kisha anakupigia mwenyewe kwa video, na neno lake la kwanza baada ya salamu ni, "Sogea kwenye mwanga, nikuone mdomo."