Kifaransa chuoni: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu mwanafunzi anayejiandikisha kusoma Kifaransa katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki ni kwamba anakwenda kusoma habari za Ufaransa: wafalme wake, vyakula vyake na mnara wa Eiffel. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaokitumia Kifaransa kila siku hawaishi Ufaransa wala Ulaya, bali Afrika. Shirika la Kimataifa la Frankofonia, yaani umoja wa nchi zinazohusiana na Kifaransa, lilikadiria mwaka 2022 kwamba wanaozungumza lugha hiyo duniani ni watu milioni 321, na Kinshasa peke yake ina wakazi wengi kuliko jiji lolote la Ufaransa. Kwa Mtanzania suala hili si la mbali hata kidogo. Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kalemie, utakuta sokoni watu wanapatana bei kwa Kiswahili na ofisini barua zinaandikwa kwa Kifaransa, na hali haitofautiani sana na hiyo Bukavu, Goma na Lubumbashi. Burundi nayo inakitumia, na Komoro vilevile, ambako lugha ya wenyeji ni jamaa wa karibu wa Kiswahili.

Kwa hiyo programu nzuri ya shahada, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, haiwezi kuishia Paris. Humo mna isimu, tafsiri, mbinu za kufundisha na fasihi, na sehemu kubwa ya fasihi hiyo imeandikwa na watu waliokitumia Kifaransa kuikosoa Ufaransa yenyewe. Vuguvugu la Négritude, lililoanzishwa katika miaka ya 1930 na Aimé Césaire wa Martinique, Léopold Sédar Senghor wa Senegal na Léon-Gontran Damas wa Guyane ya Amerika ya Kusini, lilizaliwa Paris, lakini hoja yake ilikuwa utu na hadhi ya mtu mweusi aliyefundishwa kuidharau asili yake.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowafukuza wanafunzi wengi zaidi, ni kwamba Kifaransa ni kigumu kupita kiasi kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili. Ugumu upo, ila haupo pale unapodhaniwa. Wengi huogopa jinsia za nomino, yaani kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na kwamba kivumishi lazima kifuate. Lakini anayesema «kitabu kikubwa kimeanguka» bila kufikiri amekwisha kuzoea upatanisho unaopita katika sentensi nzima, tena katika ngeli nyingi kuliko jinsia mbili za Kifaransa. Kinachomsumbua kwa kweli ni kukariri nomino ipi ni ya jinsia gani, na hapo miisho ya maneno humsaidia: karibu kila nomino inayoishia kwa -tion ni ya kike, na nyingi zinazoishia kwa -ment ni za kiume.

Kuna mambo mengine ambayo mwanafunzi hujitatiza mwenyewe kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha aliyofundishiwa sekondari. Katika Kifaransa kiwakilishi cha mtendwa hutangulia kitenzi: je le vois. Anayefikiri kwa Kiingereza hukiweka nyuma, hali ya kuwa Kiswahili chake kinasema «namwona», yule mtu akiwa ametajwa kabla ya mzizi wa kitenzi. Ndivyo ilivyo pia kwa ile sura ya kitenzi inayobeba matakwa, ambayo vitabu vya sarufi huitaja kwa namna ya kutisha. Je veux qu'il vienne ni «nataka aje», na kitenzi cha pili kimebadilika umbo katika lugha zote mbili, jambo ambalo Kiingereza cha kawaida hakilifanyi. Nashangaa kwamba vitabu vingi vinavyotumika madarasani kwetu haviutumii ukaribu huu.

Ugumu wenyewe uko katika maandishi na sikio. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Kifaransa kina herufi nyingi zilizo kimya, hata parle, parles na parlent hutamkwa sawasawa. Kina irabu zinazopitia puani ambazo Kiswahili hakina, na maneno hushikana katika usemi hivi kwamba msikilizaji haoni mwisho wa moja na mwanzo wa jingine. Dawa yake ni imla na kusikiliza kwingi, tangu muhula wa kwanza, si kungoja mwaka wa tatu.

Wapo pia wanaoamini kwamba Kifaransa sahihi ni kimoja, cha Paris, na kingine chote ni lahaja iliyoharibika. Mwanafunzi wa namna hiyo akifika Bujumbura au Lubumbashi na kusikia sabini ikiitwa septante na tisini nonante, huenda akadhani wenyeji wamekosea, kumbe ni hesabu ileile inayotumika Ubelgiji, iliyozitawala Burundi na Kongo.

Kuhusu siasa, husemwa kwamba Frankofonia ni jina jingine tu la mamlaka ya Ufaransa. Hapa pana ukweli nusu. Taasisi iliyokuja kuwa shirika la leo iliundwa Niamey tarehe 20 Machi 1970, na waliotetea wazo hilo kwa nguvu ni viongozi wa nchi zilizotoka kutawaliwa: Senghor, Habib Bourguiba wa Tunisia, Hamani Diori wa Niger na Norodom Sihanouk wa Kambodia. Hata hivyo makao yake yako Paris, na Ufaransa ndiyo mchangiaji wake mkubwa. Algeria, yenye wasemaji wengi wa Kifaransa, haijawahi kujiunga kama mwanachama. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha shuleni kwa Kiingereza, lakini miaka kumi baadaye Louise Mushikiwabo, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje, akachaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirika. Machi 2025 Mali, Burkina Faso na Niger, nchi ileile ya Niamey, zilitangaza kujitoa. Mwanafunzi hatakiwi kuchagua upande. Anatakiwa kuyajua haya na kutenganisha lugha na shirika.

Imebaki dhana ya ajira, nayo ina pande mbili zinazopingana. Wengine husema Kifaransa hakina kazi isipokuwa ualimu. Arusha yenyewe inawajibu: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina Kifaransa miongoni mwa lugha zake za kazi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mizigo yake hupita katika bandari ya Dar es Salaam. Wengine nao hudhani shahada peke yake inatosha. Haitoshi. Wakala wa forodha au mwanasheria anayejua Kifaransa huwa na nafasi kubwa kuliko aliyesoma lugha tupu, na ukalimani wa mikutano huhitaji mafunzo yake maalumu, kwa kawaida ya ngazi ya uzamili.

Isitoshe, cheti cha shahada hakimwambii mwajiri wa nje mhitimu amefika ngazi gani kati ya A1, ya chini kabisa katika kipimo cha Ulaya cha umahiri wa lugha, na C2, ya juu kabisa, na ndiyo maana wengi hufanya pia mtihani wa Kifaransa wa DELF, unaokomea B2, au DALF, wa C1 na C2. Wanaosema vyeti hivyo huisha muda huvichanganya na TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili; DELF na DALF havina kikomo.