Kwa nini mchungaji alitetea chanjo na daktari akaipinga?

Aprili 1721 meli ya kivita ya Waingereza, HMS Seahorse, ilitia nanga Boston, mji wa koloni la Waingereza huko Amerika Kaskazini, ikitokea visiwa vya Karibi, na ndani yake mlikuwa na ndui. Mji ulikuwa na watu wapatao 11,000. Hadi janga lilipokwisha, karibu nusu yao walikuwa wameugua na zaidi ya 840 wamekufa.

Katikati ya msiba huo uliibuka ugomvi mkali juu ya chanjo, ambayo wakati huo ilikuwa kumchanja mtu chale na kuitia usaha wa mgonjwa wa ndui. Mwulize mtu nani alikuwa upande upi, atakujibu bila kufikiri: dini ilipinga, sayansi ilitetea. Ilikuwa kinyume kabisa. Mtetezi mkuu alikuwa Cotton Mather, mchungaji wa Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, yule yule aliyeandika kutetea kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692. Wachungaji wenzake, akiwemo Benjamin Colman, walimuunga mkono. Aliyeongoza upinzani ni William Douglass, tabibu pekee mjini mwenye shahada ya udaktari. Gazeti jipya la James Franklin lilijaa kejeli dhidi ya chanjo, na Novemba mtu akarusha bomu la mkono ndani ya nyumba ya Mather. Halikulipuka. Hata hoja ya kwamba kumpa mtu mwenye afya ugonjwa ni kuingilia kazi ya Mungu ilitoka kwa wapinzani, si kwa wachungaji.

Douglass hakuwa mjinga, lakini. Alisema mtu aliyechanjwa anaweza kuwaambukiza wengine, na hapo alisema kweli. Kilichomkera zaidi ni chanzo cha habari.

Mather alikuwa na mtumwa aliyeitwa Onesimus, jina la yule mtumwa wa waraka wa Paulo kwa Filemoni. Washarika wake walimnunua na kumpa zawadi mwaka 1706, na hawakuona ajabu yoyote katika hilo. Mather alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, alijibu ndiyo na hapana: kwao Afrika alichanjwa mkononi, akaugua kidogo, na tangu hapo hana hofu nayo. Akamwonyesha kovu. Mwaka 1716 Mather aliandika habari hizo kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akahoji pia Waafrika wengine wa Boston, na wote wakaeleza jambo lile lile. Alikuwa amesoma pia taarifa ya daktari Emanuel Timonius kutoka Istanbul. Douglass aliudharau ushahidi wa Waafrika. Kwake, maneno ya watumwa hayakuwa elimu.

Sasa lile lisiloingia akilini: usaha ulikuwa wa ndui yenyewe, si wa ndui ya ng'ombe, ugonjwa hafifu zaidi, aliyoitumia tabibu Mwingereza Edward Jenner kuchanja mwaka 1796. Kwa nini basi chale iue wachache kuliko pumzi?

Ndui ya kawaida iliingia kwa njia ya hewa. Ifikirie kama mwizi anayepenya nyumbani kimya kimya na kujificha darini. Kwa siku kama 12 mgonjwa hajisikii lolote, huku virusi vikizaliana kwenye matezi na wengu, kisha vikimwagika kwenye damu. Homa inapopanda, mwizi ameshawaita wenzake na kila chumba kimekaliwa. Aliyechanjwa, mwizi wake ameruka ukuta na kuangukia miguuni pa mlinzi. Ngozi imejaa chembe za ulinzi. Virusi hukwama pale penye chale, panavimba, na mwili unaanza kutengeneza kinga kabla havijasambaa. Mbio ni zile zile, ila kinga imetangulia kuondoka.

Maelezo haya yamepatikana karne mbili hivi baadaye, tena kwa kiasi kikubwa kutokana na wanyama na kumbukumbu za zamani, kwa kuwa ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Huenda kiasi cha usaha na aina ya kirusi navyo vilichangia.

Tabibu Zabdiel Boylston ndiye aliyethubutu. Juni 26 alimchanja mwanawe wa miaka 6, na pia mtumwa wake Jack na mtoto wa Jack. Hao wawili hawakuwa na nafasi ya kukataa. Hatimaye walichanjwa watu wapatao 240 na wakafa 6, yaani kama asilimia 2.5, ilhali walioambukizwa kwa kawaida walikufa asilimia 14 hivi. Ulinganisho huo si safi: waliochanjwa hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, na baadhi huenda walikuwa wameshaambukizwa. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno kupuuzwa.

Mwaka 1726 Boylston alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Onesimus yeye alikuwa amejipatia uhuru nusu nusu mwaka 1716, kwa kuchangia bei ya mtumwa mwingine wa kushika nafasi yake, na kwa sharti la kurudi kazini kila Mather atakapomhitaji.