Alama ya kiwanda kwenye senti ya Marekani

Alama ya kiwanda ni herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilitengenezwa wapi. Kwenye senti ya zamani yenye sura ya Rais Lincoln, itafute chini ya mwaka: S ni San Francisco, D ni Denver. Isiyo na herufi, kwa kawaida, ni ya Philadelphia.

Mtu akiokota senti kuukuu huuliza ina miaka mingapi. Mkusanyaji anataka kujua zilitolewa ngapi na iko katika hali gani. Umri peke yake haumbabaishi. Tazama mwaka 1909, senti ya Lincoln ilipoanza kutolewa. Mchongaji wake, Victor David Brenner, aliweka herufi za jina lake, V.D.B., chini kabisa upande wa nyuma. Watu wakalalamika kwamba zinaonekana mno, zikaondolewa mwezi uleule wa Agosti. Kufikia hapo Philadelphia ilikuwa imeshatoa karibu milioni 28 zenye herufi hizo, San Francisco 484,000 tu. Kwa hiyo ya Philadelphia hupatikana kwa bei nafuu, ilhali ya San Francisco, hata ikiwa imechakaa, huuzwa kwa mamia ya dola. Tofauti yote ni S moja.

Palipo na pesa hivyo matapeli hawakosi. Huibandika S kwenye senti halali ya Philadelphia, na ndiyo sababu wakusanyaji huichunguza kwa lenzi, wakitazama umbo la herufi na mahali ilipokaa.

Senti za 1922 ni kinyume chake, na mimi ndizo hunifurahisha zaidi. Mwaka huo senti zilitengenezwa Denver peke yake, kwa hiyo zote zilipaswa kuwa na D. Lakini vyuma vya kupigia chapa vilichakaa na kuziba, baadhi zikatoka bila herufi. Hizo ni ghali kuliko wenzake wenye D, na wapo wanaoikwangua D makusudi.

Hali ya sarafu hupimwa kwa daraja la 1 hadi 70. 70 ni ile isiyo na dosari hata chini ya lenzi. Rangi nayo huhesabiwa: wekundu wa shaba mpya una bei kuliko kahawia. Lakini wekundu huo uwe wa asili. Senti iliyosuguliwa kwa ndimu na chumvi hadi ing'ae hushushwa bei papo hapo, hata ikiwa ile ya San Francisco ya 1909.