Bushi za mbele zikifa mapema sio lazima ziwe feki

Watu wengi wakishabadilisha bushi (vile vipande vya raba kwenye maungio) za kontroli amu, yaani mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi, kwenye SUV ya familia, halafu baada ya muda mfupi gari inaanza tena kugonga kule mbele, neno la kwanza ni "nimeuziwa feki". Feki zipo, sikatai, ila mara nyingine kosa liko kwenye kufunga. Bushi nyingi za raba hazizunguki kwenye bolti, raba yenyewe ndo inajisokota amu ikipanda na kushuka, sasa fundi akikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki na matairi yananing'inia, ukiishusha raba inabaki imesokotwa muda wote hata ukiwa umepaki, lazima ichanike mapema. Inatakiwa ikazwe ya mwisho uzito wote ukiwa kwenye matairi, hapo hamna mjadala. Na hii ya "SUV ni ngumu bana, inapita popote", nyingi za familia chini zimejengwa kama gari ndogo tu ila nzito zaidi, ukiongezea rimu kubwa na tairi za ubavu mfupi kila shimo linapiga bushi na boljointi (kiungo cha mpira wa chuma mwishoni mwa amu). Kabla hujanunua nyingine muulize fundi alikaza gari ikiwa juu au chini.