Jaribu, kishawishi na dhambi: vinaachana wapi

Wakristo wanaosali kwa Kiswahili wana Baba Yetu mbili zinazoachana karibu na mwisho. Mkatoliki husema "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni". Mprotestanti aliyekulia kwenye Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952, husema "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu". Neno la Kigiriki ni lile lile moja, peirasmos, nalo lina pande mbili: kupimwa na kuvutwa. Wafasiri wetu walichagua kila mmoja upande wake, na wote wamefasiri sawa.

Kiswahili kina heri ya kuwa na maneno mawili. Kujaribu ni kupima kitu kionekane kilivyo, kama dhahabu inavyopitishwa motoni. Ndio mfano anaoutumia Petro katika 1 Petro 1:7. Kushawishi ni kumvuta mtu, aghalabu kwa maneno matamu, mpaka akubali jambo ambalo hakuwa amelikusudia. Kwa hiyo ugonjwa, msiba, kufukuzwa kazi, ndoa kukaa miaka bila mtoto, hayo ni majaribu. Wazo linalokuja katikati yake, kwamba twende kwa mganga usiku mtu asituone, hilo ni kishawishi. Kimoja hukaa ndani ya kingine. Ndiyo maana Yakobo, ndani ya sura moja tu, anaweza kusema tuhesabu kuwa ni furaha tupu tukiangukia katika majaribu (1:2), kisha akaonya kwamba mtu ajaribiwapo asiseme "Ninajaribiwa na Mungu" (1:13). Mungu hupima; alimpima Ibrahimu katika Mwanzo 22. Hamvuti mtu atende uovu. Mkanganyiko huo ndio uliomfanya Papa Fransisko mwaka 2017 aseme kwamba tafsiri ya "usitutie" inaweza kumpotosha msikilizaji, na Wakatoliki wa Ufaransa walikuwa wameanza tarehe 3 Desemba mwaka huo kusali kwa maneno yenye maana ya "usituache tuingie katika kishawishi".

Kishawishi chenyewe si dhambi. Waebrania 4:15 inasema Yesu "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi". Jambo hili lishikwe kwa mikono miwili, kwa sababu wengi huangukia hapa. Wazo chafu likipita kichwani wanajiona wameshachafuka, kisha wanasema moyoni: nimeshakosa, basi nimalizie. Wanaopenda kunukuu Mathayo 5:28 kama ushahidi waisome tena: "kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani". Katika Kigiriki maneno hayo yanaonyesha kusudi. Ni jicho lililobakishwa pale makusudi ili kuilisha tamaa. Jicho lililogonga kitu njiani na kugeuzwa halisemwi hapo.

Basi dhambi inaanzia wapi? Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alifundisha hatua tatu ambazo Agostino alikuwa amekwisha kuzitaja kabla yake: uchochezi, kupendezwa, na kuridhia. Uchochezi unakuja wenyewe. Kupendezwa ni pale moyo unapoanza kuuonja. Kuridhia ni pale nia inaposema ndiyo. Watawa wa jangwa la Misri na Sinai waliongeza hatua moja kati ya ya kwanza na ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote: mazungumzo. Wazo limebisha hodi, nawe badala ya kuliacha mlangoni umelikaribisha ukumbini mkaanza kujadiliana.

Tuitazame kwa karibu. Mtunza hazina wa kwaya amekaa kitandani Jumanne usiku. Michango ya sare imeingia kwenye laini yake ya simu, shilingi 340,000. Ada ya mtoto imepungukiwa 80,000 na shule imetoa siku mbili. Wazo la kwanza halisemi "iba". Linasema "kopa". Hapo bado hajakosa lolote. Kisha mazungumzo yanaanza: mshahara unatoka Ijumaa, fundi wa sare hatalipwa mpaka wiki ijayo, mimi ndiye ninayejitolea kuliko wote na sijawahi kulipwa hata nauli. Kila sentensi ina ukweli kidogo, na hapo ndipo penye hatari. Anahisi mwepesi, kama mtu aliyeona njia. Huko ndiko kupendezwa. Akisema "Ijumaa nitairudisha", ameshakubali. Kubonyeza namba ya siri ni kukamilisha tu. Ijumaa mshahara unatoka na deni la duka limetangulia, na mwezi ujao 80,000 inakuwa 150,000, kwa kuwa mlango uliokwisha kufunguliwa haubishiwi hodi tena. Yakobo 1:15 ndivyo inavyosema: tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti.

Angalia hapo neno lililofanya kazi yote: "kopa". Dhambi haiji na jina lake. Rushwa huja kama shukrani, usengenyaji kama ombi la sala, uzinzi kama "tunafarijiana tu". Silaha ya kwanza basi ni kuita kitu kwa jina lake, kwa sauti inayosikika. Yule mtunza hazina akisema kwa mdomo wake "nataka kuchukua fedha za kwaya bila wanakwaya kujua", mazungumzo yanakosa pa kushika. Yusufu alifanya hivyo kwa mke wa Potifa: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" (Mwanzo 39:9). Hawa alifanya kinyume. Nyoka aliuliza swali lenye "Ati!", naye akaanza kulijibu, akaongeza na maneno "wala msiyaguse" ambayo katika agizo la Mwanzo 2:17 hayamo.

Hapa kuna usemi wetu wa kuangalia: "shetani kanipitia". Huutamka mtu kana kwamba alikuwa amesimama kituoni akagongwa. Yakobo 1:14 haitoi nafasi hiyo: "kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa". Shetani yupo, na Biblia haimfichi, lakini hushika pale palipo na mpini. Anayemlaumu yeye kwa yote hatautafuta mpini huo, na usipotafutwa hautoki.

Kukimbia na kusimama

Wahubiri wengi husema "mpinge shetani" kwa kila jambo, na hilo linawaponza watu. Maandiko yanagawa kazi. Kwa zinaa neno ni kukimbia: "Ikimbieni zinaa" (1 Wakorintho 6:18), "zikimbie tamaa za ujanani" (2 Timotheo 2:22). Kwa kupenda fedha pia ni kukimbia (1 Timotheo 6:10-11). Mahali mwili na macho vinaposhika usukani, anayebaki kubishana ameshashindwa nusu. Yusufu aliliacha vazi mkononi mwa yule mwanamke, akafungwa gerezani kwa ajili yake, na bado alikuwa sahihi.

Kusimama ni kwa hofu na mateso. Petro anaposema "mpingeni huyo" (1 Petro 5:9), anazungumza na watu wanaoteswa, ambao kishawishi chao ni kuikana imani ili wapone. Vijana wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga akiwa miongoni mwao, walikuwa katika jaribu la aina hii. Kwa hiyo ukishawishiwa na ujumbe wa mtu unayemtamani, usikae ukiomba huku umeushika mkononi. Ufute, kisha uombe. Ila bosi akitaka uweke sahihi kwenye hati ya uongo, usitoroke ofisini: kaa, kataa kwa adabu, na uyabebe yatakayokuja.

Kabla saa haijafika

Uaminifu kwa sehemu kubwa hupangwa kabla. Daudi anasimuliwa katika 2 Samweli 11 tangu mstari wa kwanza: ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, naye amekaa Yerusalemu. Jioni anaamka kitandani, anatembea juu ya dari, anaona. Anatuma kuulizia. Anaambiwa wazi kwamba huyo ni mke wa Uria. Anatuma tena, analetewa. Kuna milango mitatu ya kutokea kabla ya tendo, na "mlango wa kutokea" ndiyo ahadi ya 1 Wakorintho 10:13. Mara nyingi mlango huo uko mwanzoni mwa barabara, pale mtu anapoona ni mapema mno kukimbia. Wakatoliki huita mazingira haya nafasi za dhambi, na toba yao inadai kuziepuka, si kuepuka dhambi peke yake.

Njia ya kuzijua ni rahisi na inachosha kidogo. Chukua daftari, kwa siku 14, kila jioni uandike kwa dakika tano tu: kishawishi kilikuja saa ngapi, nikiwa wapi, na mwili wangu ulikuwaje. Usiandike hukumu. Baada ya wiki mbili utaona mtindo. Wengi hugundua kwamba vishawishi vyao vingi vimejikusanya katika saa mbili au tatu za juma zima: baada ya saa nne usiku na simu kitandani, siku ya mshahara njiani kwenda nyumbani, dakika za baada ya kugombana na mwenzi. Na mwili huonekana kila mahali, kwa njaa, uchovu, hasira, upweke. Ibilisi alimjia Yesu baada ya siku 40 alipoona njaa. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumpa hotuba; alimpa mkate na maji, akalala, akalishwa mara ya pili (1 Wafalme 19). Kuna usiku ambao utii kwa Mungu ni kula na kulala.

Ukijua saa yako, badilisha mahali. Simu ichajiwe sebuleni. Fedha za kikundi zitoke kwenye laini ya mtu zikae kwenye akaunti inayodai sahihi mbili. Anayesumbuliwa na kubeti afute programu na amwombe mkewe au mumewe ashike mshahara kwa miezi mitatu. Watu husema huko ni kukosa imani. Sivyo, Yesu alisema "kesheni, mwombe" (Mathayo 26:41), na kukesha kumetangulia.

Lakini nyumba ikifagiwa ikaachwa tupu, yule pepo hurudi na wenzake saba (Mathayo 12:43-45). Saa iliyoondolewa kitu lazima iwekewe kitu kingine, tena chenye jina: mazoezi ya kwaya, Zaburi moja kwa sauti, kumpigia mtu. Maandiko nayo yachaguliwe kwa shabaha. Majibu matatu ya Yesu jangwani yote yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, na kila moja linagusa kishawishi kilekile kilicholetwa. Ibilisi naye alinukuu, Zaburi 91, kwa hiyo kunukuu peke yake hakutoshi. Mistari mitatu inayohusu dhambi yako, iliyokaa moyoni barabara, inakufaa kuliko sura nzima unayoikumbuka nusunusu.

Ndugu mmoja

Neno "mlokole" limetoka kwa Waganda: balokole, waliookolewa. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, nchini Rwanda, na kutoka Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Kenya, Tanganyika na Burundi, uliacha desturi moja ya thamani: kutembea nuruni, kwa mujibu wa 1 Yohana 1:7. Dhambi husemwa mbele ya ndugu ingali mbichi. Pale desturi hii ilipoharibika, iliharibika kwa sababu zinazojulikana. Mtu anaungama ya jumla ("nilikuwa na udhaifu"), au anataja majina ya wengine, au anasema kwa undani unaowachochea wasikilizaji, au anapeleka siri kwa mtu asiyejua kunyamaza. Chagua mmoja, wa jinsia yako, aliyekomaa, na mkubaliane siku na swali: "Wiki hii, lile jambo, imekuwaje?" Nguvu ya kishawishi ni giza, na simu ya dakika mbili kabla ya kuanguka ina faida kuliko saa mbili za machozi baadaye. Naye anayesikiliza akumbuke Wagalatia 6:1: arejeze kwa upole, akijiangalia asije akajaribiwa mwenyewe.

Na ukianguka? Petro na Yuda walikosa usiku mmoja, na wote wawili walijuta. Petro alilia, lakini alibaki na wenzake, akakutwa huko. Yuda alirudisha vipande 30 vya fedha kwa makuhani, akaenda peke yake. Kinachoua baada ya anguko ni kujitenga: kuacha kwenda ibadani "mpaka nijirekebishe", kuapa viapo vikubwa ambavyo havina hata siku tatu. Rudi siku hiyo hiyo, ungama kwa jina la tendo, kisha utengeneze ulichoharibu. Zakayo alitaja kiwango: mara nne. Mtunza hazina wetu, kabla 80,000 haijawa 150,000, amwendee mwenyekiti kabla ya mazoezi ya Jumamosi, aseme 80,000 na aseme tarehe, akabidhi ile laini na daftari, akubali kuimba safu ya nyuma bila cheo, na alipe 20,000 kila mwezi mpaka iishe.