Akili Unde Katika Tiba ya Mazungumzo: Mambo Ambayo Mgonjwa Anapaswa Kuyafahamu

Kutokana na malalamiko ambayo ofisi yetu imeendelea kuyapokea kutoka kwa wakazi wa Dar es Salaam wanaodhani kuwa kompyuta husoma mawazo yao na kuwatibu, tunaomba ieleweke kwamba programu za akili unde (AI) zinazomsaidia mwanasaikolojia tiba hazisomi mawazo ya mtu wala hazimtibu mgonjwa. Dhana hiyo tumeshaikanusha mara nyingi.

Kinachosomwa ni majibu ya mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa ya muda mrefu, hujaza dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 na alama 0 hadi 27 (alama zikipanda, hali ni mbaya zaidi), akiwa bado kwenye benchi akisubiri kuitwa. Ikiwa alianza na alama 14 na wiki ya nne akafikia 17, wakati wagonjwa wenye hali kama yake kwa kawaida huwa wameanza kupata nafuu, programu humtahadharisha mtaalamu, naye hupaswa kusitisha alichokuwa amekipanga na kuuliza kama yeye na mgonjwa wanaelewana, na kama nyumbani kumezuka jambo jipya. Chuo Kikuu cha Trier nchini Ujerumani kimetengeneza mfumo ambao, pamoja na kutahadharisha, hupendekeza mbinu ya tiba inayomfaa mgonjwa husika. Hata hivyo, mfumo uliojifunza kwa Wajerumani hauwezi kupelekwa Temeke ukaaminiwa vivyo hivyo, kwani huku mwenye sonona husema "nina mawazo", au hulalamikia kichwa na moyo kwenda mbio.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kliniki inapaswa kuwa imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kupata ridhaa ya mgonjwa kwa maandishi, ridhaa ambayo anaweza kuiondoa. Kusaini fomu ya mapokezi si kuruhusu kila kitu. Kurekodi sauti ya mazungumzo ya tiba kuombewe ridhaa ya peke yake. Mtu anayefichua taarifa kinyume cha sheria hutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni milioni 1 hadi bilioni 5. Malalamiko hupelekwa kwa Tume.

Swali la 9 la dodoso, linalohusu mawazo ya kujidhuru, tunaomba lijibiwe kwa ukweli. Jibu lolote zaidi ya sifuri (yaani "hapana kabisa") lisiachiwe programu: mtaalamu azungumze na mgonjwa huyo ana kwa ana kabla hajaondoka.